Njegere za Jumamosi

Kocha,

Miaka minane ulikuwa hai, unaishi mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Macquarie Fields, na mimi sikukusemesha. Leo huwezi kunijibu, ndipo nimepata maneno. Lakini unanijua. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia wenzangu, "Mwacheni Espe anune kwanza, akimaliza atacheza." Basi nimemaliza kununa, Kocha. Nimechelewa, najua.

Kwanza habari za huku. Mjane wako, Mama Aline, amerudi kazini kule kwenye nyumba ya wazee, ila amekonda, na viatu vyako vya mazoezi bado viko mlangoni pake. Hataki mtu aviguse. Juzi nilimkuta anavipangusa vumbi. Binti yenu Aline amejifungua mtoto wa kiume wakampa jina lako, na siku ya kwanza niliposikia "Venansi, acha kulia" nilitoka nje nikasimama uani hadi nilipopata pumzi. Wasichana wa timu yako bado wanakuja uwanjani Jumanne na Alhamisi. Mimi ndiye ninayewafundisha. Ndiyo, mimi. Filimbi yako ninayo.

Na ile kazi yako nyingine pia ninayo, ya kuwatafutia nafasi katika timu za vyuo vya Marekani wachezaji wa hapa Sydney. Mwezi mmoja baada ya mazishi kile chuo ulichokuwa ukikitafutia wachezaji kilinipigia simu. Walisema wanapenda maskauti waliowahi kucheza mpira wa kulipwa, kama wewe, na kwamba wewe mwenyewe uliwaachia jina langu. Yule mama wa ofisini akanisomea ulichokuwa umeandika: "Esperansi. Amecheza misimu minne ya kulipwa na goti lililoshonwa. Ana hasira. Hadanganyi." Nilicheka, halafu nikamwomba anisomee tena. Kumbe ulikuwa unahesabu misimu yangu. Mechi zangu zote ulikuwa unazijua, na mimi nikikuona kanisani nageuza uso kama nimeona mdai.

Kuna jambo lazima nikuambie kabla sijaendelea. Ulipolazwa Julai ya mwaka jana, Mama Aline alinipigia Jumatano. Alisema, "Espe, anakuulizia." Nikamjibu nitakuja Jumapili baada ya ibada. Kocha, sikuwa na shughuli yoyote. Alhamisi nilifua nguo. Nilifua, nikaanika, nikakaa kuangalia televisheni. Ijumaa asubuhi ukaondoka. Mpaka leo nikikunja nguo mikono inakataa. Nasikia tu, "Anakuulizia."

Sijui ulitaka kuniambia nini. Labda lile la goti.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nafasi ya chuo ilikuwa karibu kupatikana, ufadhili kamili, mama ameshawatangazia kanisa zima, na shangazi kule Kigoma ameshaanza kuniita Mmarekani. Kilichobaki ni ripoti yako tu. Mechi ya mwisho tulicheza Bankstown, nikafunga mabao mawili, nikajua kazi imekwisha. Kumbe wewe hukujali mabao. Ulitangulia stesheni, ukasimama chini ya ngazi, ukatutazama tukishuka mmoja mmoja. Ndivyo ulivyofanya siku zote: "Akikimbia atakudanganya. Mtazame akishuka ngazi." Mimi nikashuka nimeshika chuma, mguu wa kushoto ukitangulia kila ngazi kama mtoto anayejifunza. Ulitununulia soda wote tukanywa.

Kesho yake ukaja nyumbani umevaa koti. Hukuwahi kutuma ripoti ya mtoto wa mtu bila kuisoma kwanza mbele ya wazazi wake. Ulikaa kwenye ukingo wa kochi, hukutaka hata chai, ukatoa karatasi. "Mchezaji hodari sana. Goti la kushoto limeumia na anaficha. Msimchukue mpaka atibiwe." Mama alishika mdomo. Mimi nikasimama nikakuambia una wivu. Nikakuambia kwamba kwa kuwa goti lako lilifia Dar es Salaam, unataka na la kwangu life pamoja nalo.

Wote tulikijua kile kisa, ingawa ulikisimulia mara moja tu. Klabu kubwa, fainali, goti limevimba, wakakuchoma sindano ya ganzi ukacheza dakika tisini bila kusikia maumivu. Hukucheza tena. Nami nilichukua kisa hicho, ulichotuambia kwa kuwa ulitupenda, nikakurushia usoni mbele ya mama yangu. Ulikunja karatasi mara mbili. Ukamuaga mama kwa heshima. Ukaondoka ukichechemea, ukaituma.

Daktari aliyenipasua alisema ningeendelea kulichezea lingekwisha kabisa. Kwa hiyo nilijua, Kocha. Nilijua nikiwa bado kitandani hospitali kwamba ulisema kweli, na hapo ndipo nilipozidi kukukasirikia. Ungekuwa umekosea ningeweza kukusamehe. Nilipona, nikacheza misimu yangu minne hapa hapa Sydney, nikalipwa, nikashangiliwa, na kila mechi nilikuwa nachezea goti uliloniokolea wewe. Sikukuambia asante hata kwa kutikisa kichwa.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kuondoa matanga. Tulijaa kwenu, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, masufuria yanapita juu ya vichwa. Kila mtu anasema neno lake juu yako. Mama yangu naye akainuka, akapangusa macho, akasema, "Marehemu alikuwa na moyo. Ule mwaka mtoto wangu alipopasuliwa goti, alituletea njegere kila Jumamosi. Hakukosa hata wiki moja."

Mimi nikashtuka. Mwaka ule tulikula njegere mpaka nikazichoka. Njegere na ndizi, njegere na mawese, njegere na wali. Nikimuuliza mama kwa nini kila siku njegere, ananijibu zimeshuka bei dukani. Kumbe alinificha. Alijua ningesikia zimetoka kwako nisingegusa sahani.

Mama Aline aliweka chini kikombe chake. Akauliza taratibu, "Mlizipika?"

Mama akasema ndiyo, tena zilikuwa tamu.

"Dada yangu, zile zilikuwa za goti! Njegere za friza, za kuweka juu ya goti! Alikuwa anasema barafu tupu inachoma ngozi, njegere zinalala vizuri!"

Kocha, kile kicheko! Watu walicheka matanga yakasahaulika. Mchungaji mwenyewe alitoa miwani akafuta machozi. Mama yangu aliinama mpaka kichwa kikagusa magoti, anacheka, anaomba radhi. "Lakini alisema ni za Espe! Alisimama mlangoni akasema 'Hizi za Espe,' basi! Nikajua anataka ale apate nguvu!" Na kila Jumamosi, akasema, ulikuwa unamuuliza kama nimezipokea, naye anakujibu, "Sana! Anazipenda!"

Hapo Mama Aline akaacha kucheka. Akanishika mkono akaniambia kwamba ulikuwa ukirudi nyumbani umefurahi. Ulikuwa ukimwambia, "Bado ananuna, lakini anaziweka."

Nililia pale mbele za watu jinsi ambavyo sikulia hata kwenye mazishi. Ulikufa ukiamini kwamba mimi na wewe tulikuwa tumeshaanza kupatana, Jumamosi kwa Jumamosi, pakiti kwa pakiti. Na mimi nilikuwa nakula tu, nanung'unika kwamba chumvi haitoshi.

Nakuandikia leo kwa sababu ya binti mmoja anaitwa Keza. Ulimwacha bado mdogo, yule mwembamba anayevaa soksi fupi. Ana miaka kumi na saba sasa na anapiga mpira kuliko nilivyopiga mimi. Chuo chako kinamtaka. Mama yake anafanya kazi na Mama Aline, anawalea watatu peke yake, na nafasi hii ndiyo mpango wake wote. Mwezi uliopita tulikuwa na mechi ya majaribio Parramatta. Keza aliwazungusha mabeki mpaka wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya mechi wasichana wakaenda kupiga picha kule kwenye gati la kivuko, nami nikatangulia nikasimama chini ya ngazi. Nilimwomba Mungu, Keza ashuke akiruka. Alishuka ameshika chuma, Kocha. Mguu wa kulia unatangulia.

Niliandika ripoti mbili. Ya kwanza haikuwa na goti. Nilikaa nayo kwenye gari, maegesho ya Parramatta, mchana kutwa, kidole kiko juu ya simu. Nilijiambia wao wana madaktari wao, wataona wenyewe. Nilijiambia mama wa watu ameteseka vya kutosha. Ungekuwa hai ningekupigia, nakuapia, ningemeza kiburi changu chote nikupigie. Uliwaandikia kwamba sidanganyi. Sijui ulijuaje, maana siku ile nilikuwa nadanganya na nilikuwa naelekea kutuma. Niliifuta.

Kisha nikavaa koti nikaenda kwao kuisoma ile ya pili.

Nilikaa kwenye ukingo wa kochi. Sikupanga, miguu ndiyo iliyonikalisha pale. Chai waliniletea, sikuweza kuinywa, na hapo nikaelewa kwa nini na wewe hukuinywa ya kwetu. Nilisoma: mchezaji wa ajabu, goti la kulia, atibiwe kwanza. Mama Keza akapiga magoti. Mtu mzima, Kocha, amenizidi miaka ishirini. "Dada Espe, mi nakuomba kwa jina la Yesu. Goti inauma kidogo tu, ni fatigue, ni kuchoka. Unaandika tu iko sawa, please." Nilimwinua.

Keza hakulia. Alinitazama akasema, "You played on yours, Aunty. Four seasons. So why can't I?" Nikamwambia kweli nilicheza misimu minne, lakini baada ya kushonwa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekubali nimchukie. Sidhani alinisikia. Alikwenda chumbani akafunga mlango. Mlango ule naujua. Nimewahi kuwa upande wa pili wake kwa miaka minane.

Ripoti nimeituma. Chuo kimejibu kwamba mwaka huu hapana, atibiwe, halafu watamwangalia tena. Hawakuahidi kitu. Mama Keza kazini hamsalimii Mama Aline kwa sababu yangu. Uwanjani Keza haji tena. Nilidhani kusema kweli kungenipa amani, kwa kuwa wewe ulionekana mtulivu sana siku ile ukiondoka kwetu. Hakuna amani. Sasa najua hukuwa mtulivu hata kidogo, na kwamba ulitembea ule mtaa mmoja hadi kwako huku maneno yangu yakikuchoma. Nisamehe, Kocha. Nisamehe lile la Dar es Salaam. Nisamehe na ile Alhamisi.

Jumamosi iliyopita nilinunua pakiti ya njegere, zile zile za friza, nikaenda kugonga kwao. Mama Keza alifungua mlango nusu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri njiani. Nikamnyooshea pakiti, nikasema, "Hizi za Keza." Basi. Nikarudi kwenye gari nusu nakimbia.

Jana ameniletea ujumbe kwenye simu. Nakuandikia kama ulivyo: "Asante kwa njegere dada. Tulipika na viazi. Keza amekula sana."

Nilikuwa naendesha. Nilisimama pembeni nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake. Nilikutafuta nikuambie. Niligeukia kile kiti cha abiria kana kwamba umo.

Sikiliza ninavyokuahidi. Jumamosi hii nitapeleka pakiti mbili. Moja ya sufuria, moja ya goti, na ya goti nitaeleza ni ya nini. Kosa lako moja tu naliona, ruhusu nikuambie: hukuingia ndani. Uliniogopa. Mtu mzima, umecheza fainali mbele ya umati, ukamwogopa msichana aliyelala kwenye kochi. Mimi nitaingia. Akinifukuza nitarudi Jumamosi inayofuata, na inayofuata, hata ifike miaka minane. Siku akikubali nitaiweka mwenyewe juu ya goti lake, nikae nishikilie mpaka baridi iingie. Na siku nitakapoambiwa kuna mtu ananiulizia, nitaacha nguo kwenye beseni niende.

Pumzika, Kocha. Huko uliko shuka ngazi unavyotaka, hakuna anayekutazama.

Asante kwa njegere. Nilikula zote.

Espe wako