Wimbo Wako Hauenei Kwenye Karatasi

Mtaa wa Kanisani,
Ħal Borġ, Malta.
2 Juni 1997

Mpendwa kaka Wistin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Melbourne? Wifi Ritienne na mtoto hawajambo? Najua baridi imeshaanza kwenu, basi funika kifua. Sisi wazima, ila macho ya Baba yanazidi kufifia, na mimi usingizi umenikimbia kwa sababu yako.

Wimbo wako wa gwaride umefika, nao ni mzuri. Lakini kaka, umesahau ulikokulia? Umeuandika kwenye makaratasi mapana kama kitambaa cha meza! Bendi yetu inapiga ikitembea, karatasi imebanwa kwenye chombo. Nani atafunua ukurasa wa pili?

Nilijaribu karatasi ndogo ya A5, ndiyo inayotosha kwenye kibanio. Wimbo uliingia wote, lakini noti zikawa chawa. Baba aliisogeza karatasi, akaivuta, kisha akasema jua linamuumiza. Tulikuwa ndani! Nikachapa A4, tukapanda juu ya paa kuijaribu. Upepo ukamfunika nayo uso, klarineti yake ikalia kama paka aliyekanyagwa. Majirani wa ile bendi pinzani walivunjika mbavu.

Nikamwambia, "Baba, nimwombe Wistin apunguze mistari miwili?"

"Thubutu! Mwanangu kaniandikia mimi, naupiga wote."

"Basi vaa miwani."

"Miwani ninayo, we mtoto. Haisaidii tena."

Hakuwahi kukiri hivyo. Nadhani sikukuu hii ya mtakatifu wetu ndiyo ya mwisho kwake kutembea na bendi, kaka, na tangu siku ile sijatulia. Nachapa, nachana, nachapa tena.

Sasa nimeamua. Wengine watapata A5. Ya Baba nitaichapa kwenye karatasi kubwa ya A3 na kuishona mgongoni mwa koti langu la bendi, juu na chini, isipeperuke. Nitatembea mbele yake na tarumbeta langu. Kiongozi wa bendi amekubali huku amenuna. Wacha watu wacheke.

Shangazi Dolor anakusalimu, na Ġuża wa duka la mikate anauliza utarudi lini. Wabusu wote huko. Mtakatifu wetu awafunike kwa mkono wake.

Na uniombee jambo moja. Kila nikiupiga wimbo huu nalia mpaka mabega yanatikisika. Siku hiyo yakitikisika, Baba atapotea njia.

Dada yako akupendaye na asiyetulia,
Pawla