Ndovu wa Meroe Haanguki

Chelangat rafiki yangu,

Usinicheke. Najua ungesema, "Achieng', maiti hasomi barua, enda ufanye kazi." Kazi nimefanya. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu tukuzike Merigi, nyuma ya shamba la chai la mama yako, sikutaka hata kuona kompyuta yako. Mama yako ndiye aliyeniletea hapa Kericho, ameifunga kwa leso, akasema, "Malizeni." Malizeni, kana kwamba bado tuko wawili. Nililia sana. Kisha nikaifungua.

Unakumbuka ulivyopiga meza siku ile? Katika gemu letu la kompyuta la falme za kale, linalotengenezwa na watu wa kujitolea, Waajemi wana ndovu wa vita, Wahindi wanao, lakini Wakushi wa Meroe, Waafrika kabisa wa Sudan ya kale, walipewa farasi na mishale tu. "Watu walioishi na ndovu ndio wananyimwa ndovu!" Tukajitolea kuwatengeneza, wewe uchore, mimi niandike maagizo ya kompyuta. Na kati yetu hakuna aliyewahi kuona ndovu kwa macho. Ukachukua simu, ukamrekodi Sifa, ng'ombe wa mama, akirudi jioni kukamuliwa, ukampa ndovu mwendo ule ule. Wachezaji walitucheka hadi basi! Mmoja akauliza huyo ndovu anatoa lita ngapi. Tukameza aibu, tukachora mwendo upya.

Kikabaki kifo chake. Kila mpiganaji katika gemu sharti aanguke nguvu zikiisha, na wewe ukakataa katakata kuchora. "Ukoo wetu ni wa ndovu, Achieng'. Mtu hachori ndugu yake akichinjwa." Mimi mtu wa ziwa nikakutania kwamba kama ukoo wangu ungekuwa wa samaki, ningekufa njaa. Hukucheka. Tukanuniana siku mbili, halafu ukaugua, na hatukulizungumza tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Wasimamizi wa gemu waliniandikia: ndovu apate kuanguka kabla ya Ijumaa, la sivyo toleo jipya la gemu litoke na Wakushi wasio na ndovu. Mmoja akajitolea kuchora anguko hilo mwenyewe, eti ni kazi ya dakika kumi. Niliandika "sawa." Nikaitazama. Nikaifuta. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nikapekua faili zako zote, na chini kabisa nikaukuta ule mwendo wetu wa aibu. Hukuwa umeutupa. Umeuita "Sifa anaenda nyumbani."

Basi hivi ndivyo nilivyofanya. Nguvu zikimwishia, ndovu wetu anapiga magoti, mpanda anashuka, halafu ndovu anainuka, anavipa vita mgongo na kuondoka kwa mwendo wa Sifa, polepole, bila kutazama nyuma, mpaka anatoka kwenye ramani. Mkuki haumpati tena. Nikatuma. Wakakataa. Nikatuma tena na maelezo marefu kuhusu ukoo wenu. Wakakataa kwa adabu. Mara ya tatu sikueleza kitu, niliwaomba wacheze pigano moja tu. Walicheza. Alhamisi wakaandika kwamba wamekubali, na yule wa dakika kumi akaniambia aliacha kupigana ili amtazame akienda.

Jumapili baada ya kanisa nilimpelekea mama yako kompyuta aone. Alivaa miwani, akamfuata ndovu kwa macho hadi mwisho wa ramani, kisha akasema, "Huyu si ng'ombe yangu Sifa?" Akacheka, Chelangat. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Halafu akajifunika uso kwa leso, nami nikamshika mkono, tukakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Ule utani wa samaki naurudisha. Nisamehe.

Gemu hili litabadilishwa tena na tena, maana hawa watu hawatulii. Kila watakapolibadilisha nitafungua faili yako kuhakikisha hakuna aliyeigusa, na akiigusa mtu atanijua. Nikiwa hai, ndovu wako hataanguka. Atachoka, atageuka, ataenda nyumbani.

Nawe umefika, rafiki yangu. Kwaheri.

Achieng' wako