Kapu la Vilivyochelewa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua mkondo wa habari! Mwezi wa kwanza wa kazi ya majaribio, na friji za chanjo za zahanati ishirini zinaanza kuongea. Kila friji inataja joto lake, habari inapanda kwenye wingu – kompyuta za kukodi, ziko mbali huko hata sijui wapi – kisha inatiririka hadi kwenye skrini yangu. Friji ikizidi digrii nane, king'ora kinalia. Chanjo zinaokolewa. Ndiyo kazi yenyewe.

Friji kumi na tisa zina kipimajoto kinachotuma chenyewe. Moja ni kuukuu, ya zahanati ya wifi yangu, dada yake baba watoto. Yeye ni muuguzi, ndiye anayeshika ufunguo wa chanjo. Atasoma joto kwa macho, asubuhi na jioni, ajaze fomu kwenye simu. Nimemtengenezea fomu ya visanduku viwili tu: saa aliyosoma, na digrii. Saa ni lazima, maana mtandao wa kwao unakuja na kuondoka. Anaweza kusoma sasa, ujumbe ukafika baadaye.

Baba watoto: "Kumbe wifi hana wifi!" Amerudia mara tatu. Haya, nimecheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeongeza sheria. Habari yenye umri wa zaidi ya saa moja isiingie kwenye mkondo. Iende kando, kwenye kapu la vilivyochelewa. Hatutaki king'ora kilie kwa mambo ya jana. Mkuu wa chanjo kasimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni, akaguna. Kwake, hiyo ni sifa.

Kumi na tisa zinaongea. Ya wifi kimya.

Jumatano, 5 Machi

Bado kimya. Nimpigie? Nikimpigia atapata la kusema. Mwezi uliopita, mezani, mbele ya mama mkwe: "Sisi tunachoma sindano, mwenzetu kazi yake iko mawinguni." Mama mkwe alicheka mpaka machozi. Namba yangu anayo. Akikwama, apige.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Uvivu huo, hakuna jingine. Nisijidanganye humu – nimefurahi kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Kanuni ya Mkuu: friji isiyosomwa siku tatu, chanjo zake hazifai. Zinateketezwa. Kaniita ofisini. Ana uhakika naye, huyo muuguzi, hajawahi kumwangusha. Je, tatizo haliwezi kuwa kwenye mfumo?

"Mfumo uko sawa," nikasema. Nikatia sahihi kuthibitisha.

Jumatatu gari linazichukua, na wifi anakabidhi ufunguo. Ameushika miaka kumi na minne.

Nyumbani baba watoto hana utani leo. Dada yake anaapa ametuma kila siku, mara mbili, na simu inamjibu "Asante, imepokelewa." Nikamwambia kila mtu husema hivyo. Kainuka, kaenda kuosha vyombo. Ilikuwa zamu yangu.

Jumapili, 9 Machi



Baba watoto kasema: twende ukamwone akifanya. Nikaenda, nimevimba. Zahanati imefungwa, lakini chumba cha chanjo kiko wazi na wifi yumo, kavaa sare Jumapili! Hakunisema. Kanipa kiti chake, akabaki amesimama.

Akafungua friji, akainama kusoma. Tano. Akaandika kwenye daftari, mistari imenyooka kuliko yangu yote. Kisha akachukua simu. Juu ya kioo imeandikwa 16:00. Yeye kwenye kisanduku cha saa kaandika 10:00, katuma.

"Mbona umeweka kumi?"

Kanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Kwani sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa kumi." Nimejibu mwenyewe, kwa mdomo wangu! Saa kumi jioni. Nimesema hivyo tangu nijue kusema. Ila kompyuta haina saa kumi ya jioni, ina kumi na sita. Kumi kwake ni saa nne asubuhi. Kwa hiyo kila anachotuma wifi kinaonekana kimechelewa saa sita kamili.

Nikafungua kapu kwenye simu yangu. Sikuwahi kulitazama, hata siku moja. Habari zake zimo zote! Kumi na mbili, tangu Jumanne, hakuna iliyozidi digrii sita. Na fomu niliitengeneza mimi, bila hata mfano mmoja wa namna ya kuandika saa.

Nikamweleza, sikuzunguka. Akafikiri. "Kwa hiyo hizi za asubuhi, ninapoandika mbili – kompyuta yako inadhani naamka saa nane za usiku kuchungulia friji?" Akacheka, hadi akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akavua ufunguo shingoni, akauweka tayari kwa kesho.

Nimeona aibu, aibu ya kutamani sakafu inimeze. Nimemwandikia Mkuu. Hajajibu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Wifi yuko kando yangu. Chanjo zimeshapakiwa kwenye masanduku ya baridi, gari liko uani, dereva anasubiri neno.

Mkuu hakufoka. Afadhali angefoka. "Si ulisema mfumo uko sawa?" Nilisema. Basi kanipa karatasi yenye mstari mmoja: Sababu. Nitakachoandika hapo, kasema, ndicho atakachokifuata. Nikiandika ni mtandao, hakuna wa kulaumiwa, wifi anarudishiwa ufunguo – lakini joto halina ushahidi, chanjo zinateketezwa. Nikiandika ni fomu yangu, zile kumi na mbili zinahesabiwa na chanjo zinarudi friji. Ila mtu aliyetia sahihi bila kutazama kapu, Mkuu hawezi kumwacha kazini. Majaribio yangu yanaishia leo. Gari linaondoka saa nne.

Saa nne kasoro dakika ishirini.

Kazi hii niliitafuta miaka miwili. Mtandao ni neno moja tu, na hakuna atakayeshangaa.

Simu ya wifi imelia. Ni zahanati. Sauti inasikika mpaka huku: kina mama ishirini na tatu wako barazani na watoto wao, wamekuja kuchanja, waambiwe nini? Warudi nyumbani?

Wifi kanitazama. Kaona kalamu inavyokwenda mbio.

"Waambie wasubiri," kasema. "Wifi yangu anaandika."

Naandika humu. Karatasi ya Mkuu iko chini ya daftari hili, bado nyeupe –