Ufunguo Uliokuwa kwenye Fundo la Kanga Yangu

Alhamisi, mwezi wa saba, 2016. Fairfield, huku ambako mwezi huu ndiyo kipupwe. Mvua tangu alfajiri, baridi ya kuingia ndani ya magoti, na mimi nina hasira.

Nimerudi kutoka mahakamani sasa hivi. Koti sijavua. Nimeteleka maji ya chai, nimekaa mezani kuandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu, maana nisipoandika nitamfokea mtu, na aliye karibu ni mwanangu Rashidi, na leo sitaki kumfokea.

Bado.

Kesi tumeshinda. Naanza na hilo ili msinisome roho juu. Rashidi hana hatia, na kazi yake ya ulinzi kule mjini, ambayo ingekwenda na maji kama angetiwa hatiani, iko palepale. Simu imeita njia nzima, kila mtu hongera, hongera. Basi mbona nachemka kuliko hilo birika?

Ngoja nieleze, maana wengine ndiyo mnaingia leo kwenye ukurasa wangu huu.

Rashidi ni kitinda mimba wangu. Ana leseni ya bunduki. Ndiyo, bunduki. Mimi niliyekimbia Bujumbura kwa sababu ya bunduki, nikalea watoto kambini Kigoma kwa sababu ya bunduki, nikaja mpaka huku mwisho wa dunia, mtoto niliyembeba mgongoni siku ile ndiye aliyeniletea bunduki chumbani. Si ya ujambazi. Ni ya kuwindia. Ana rafiki yake mzungu mwenye shamba huko bara, ng'ambo ya milima, anasumbuliwa na sungura na mbuzi mwitu, na Rashidi humsaidia siku zake za mapumziko. Amesomea, amefanya mtihani, amechunguzwa mpaka meno. Nyama anayoleta naila, sikatai. Pilau lake mmeliona humu mkasifu.

Lakini siku alipoileta nilimsimamisha mlangoni. Nikamwambia nyumba hii mkataba una jina langu, na wajukuu zangu, watoto wa dada yako, wanalala hapa kila Jumamosi. Itakaa kwenye kabati la chuma kama serikali inavyotaka, na ufunguo nitashika mimi.

Akakuna kichwa. "Mama, sheria inasema ufunguo niwe nao mimi mwenye leseni. Mwingine yeyote haruhusiwi."

"Sheria ndiyo iliyokuzaa?"

Akacheka, akanipa.

Nikaufunga kwenye pindo la kanga, pamoja na ufunguo wa mlango wa mbele na wa sanduku langu. Kwetu ndivyo ilivyo. Funguo za nyumba anashika mama. Bibi yangu alishika, mama yangu alishika, na mimi nashika. Kila Rashidi alipotaka kwenda shambani alikuja kwangu, akaniambia anaenda wapi na anarudi lini, nikamtazama machoni kama ana usingizi au ana hasira, ndipo nikafungua fundo. Akirudi, ufunguo unarudi. Mara mbili nilimnyima. Mara moja alikuwa ametoka zamu bila kulala, mara ya pili alikuwa ameachwa na mchumba. Alinuna, lakini alikaa nyumbani.

Niambieni kama kuna polisi anayeweza kulinda bunduki namna hiyo.

Sasa, siku ile. Asubuhi ya mvua kama hii. Hodi. Nafungua, polisi wawili, mwanamume mrefu na msichana mdogo tu wa umri wa binti yangu wa mwisho, maji yanawatiririka kwenye kofia. Wanamtaja Rashidi. Rashidi alikuwa kwenye treni, anarudi kutoka zamu. Nikajaribu kuwaeleza kwa Kiingereza changu cha sokoni kwamba hayupo, anakuja. Msichana akatabasamu, akasema wanataka kuangalia kidogo tu. Kidogo tu, hilo nililielewa.

Nikasema karibuni. Nikavuta viti. Nikawapa chai ya tangawizi na maandazi, na yule mrefu akaongeza la pili bila kukaribishwa, na mimi nilifurahi, mjinga mimi, nikasema huyu mtoto ana njaa.

Halafu wakasimama wakaenda chumbani kwa Rashidi. Wakaliona kabati. Yule mrefu akanigeukia, akazungusha mkono hewani kama mtu anayefungua kufuli. Ufunguo uko wapi?

Na mimi, kwa fahari yote ya mama wa nyumba, nikafungua fundo la kanga nikampa.

Wakatazamana. Nikaona nyuso zimebadilika. Msichana hakutabasamu tena mpaka walipoondoka.

Rashidi alifika wakiwa wanaitoa bunduki kwenda kwenye gari; ufunguo wameuacha kwenye kabati tupu, nami nimeurudisha kwenye fundo. Majirani wote madirishani. Wakamwambia ameshindwa kuihifadhi silaha, kwamba mtu asiye na leseni ana ufunguo, na kwamba atashtakiwa. Na mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, akasimama kwenye mvua mikono yake wazi mbele ya tumbo, akataja jina lake, akaonyesha leseni yake, akanyamaza.

Nikapiga kelele mimi. "Sema! We mtoto, sema! Waambie ni mimi!"

"Mama, ingia ndani."

"Siingii! Hawa wamekula maandazi yangu!"

"Mama. Tafadhali."

Nilimchukia kwa ule ukimya. Kwetu mtu anayenyamaza mbele ya askari amekubali kosa, au amekwisha kufa. Jioni ndipo akanieleza kwamba ile ni haki yake. Huku mtu unatoa jina na leseni, mengine unamwachia wakili, na mikono unaiweka ionekane, hasa ukiwa na rangi yetu na kwenye gari kuna bunduki. Wanafundishana hivyo wenye leseni. Nikamuuliza hiyo ni haki gani ambayo ukiitumia unaonekana mwizi mbele ya majirani. Hakunijibu. Haki yake, labda.

Wakili, kijana wa kutoka ofisi ya msaada wa sheria wa bure, mpole, akatueleza jambo lililonikosesha raha kabisa. Kumbe ukipewa leseni ya bunduki unakubali polisi waje kukagua kabati lako, lakini kwa siku na saa mliyopatana. Hawana ruhusa ya kuibuka tu. Ningesema mwenyewe hayupo, pangeni siku, wangepaswa kugeuka na mvua yao.

Kwa hiyo mlango nilifungua mimi. Ufunguo nilitoa mimi. Mwanangu anashtakiwa.

Nilipoandika hayo humu wiki iliyopita, mmoja wenu akaniachia maneno hapo chini: "Bibi, asiye na cha kuficha haogopi polisi." Nimekusoma, baba. Nakujibu leo. Mimi sikuficha kitu. Sikuogopa kitu. Nilifungua mlango, nikafungua fundo, nikawapa na maandazi. Ona nilichopata. Siku wakija kwako uwape chai, halafu uje uniambie.

Haya, mahakamani.

Nilivaa kanga yangu nzuri chini ya koti. Mkalimani alikuwa mama wa Kikenya, Kiswahili chake kinakimbia lakini ana huruma, akanishika mkono. Mwendesha mashtaka akaanza na mimi.

"Kuna mtu alikulazimisha kufungua mlango?"

"Hapana."

"Uliwapa chai?"

"Niliwapa."

"Kwa hiyo uliwakaribisha ndani kwa hiari yako."

"Wewe mgeni akija kwako kalowa unamwacha nje?"

"Jibu ndiyo au hapana, mama."

"Nakuuliza na mimi. Mama yako angewaacha nje?"

Watu wakacheka. Hakimu, mwanamke wa rika langu, nywele nyeupe, akatazama karatasi zake ili asicheke. Nikadhani huyu tutaelewana.

Wakili wetu akaniuliza moja tu: kuna aliyekuambia kwamba unaweza kukataa? Nikasema hapana, hakuna. Ni kweli. Sikuongeza neno.

Hakimu akasoma uamuzi wake taratibu, mkalimani akininong'oneza. Akasema nyumba ile ni yangu, mkataba una jina langu, na ruhusa ya kuingia ilikuwa yangu kutoa au kunyima. Akasema kumkaribisha mtu chai si kumruhusu apekue. Hapo nilitaka kusimama nimpigie vigelegele. Akasema polisi hawakupatana siku na mwenye leseni, hawakuleta mkalimani, hawakumngoja Rashidi aliyekuwa njiani. Kwa hiyo walichokikuta ndani hakitatumika dhidi yake, na bila hicho kesi haina miguu.

Halafu akaendelea. Ungekuwa umeishia hapo, mama hakimu!

Akasema mimi ni mwanamke mzee nisiye na elimu yoyote, Kiingereza changu ni kidogo mno, na siku ile sikuwa na uwezo wa kuelewa nini kinatendeka nyumbani kwangu.

Mkalimani alinong'ona hayo polepole kuliko mengine. Hakunitazama.

Sikuwa na uwezo wa kuelewa.

Mimi nilielewa! Nilielewa ni polisi, nilielewa wamelowa, nilielewa wanataka kuona kabati. Niliwaingiza kwa sababu katika nyumba yangu mtu hasimami mvuani, na ufunguo nilishika kwa sababu naijua bunduki kuliko wote waliokuwa ndani ya chumba kile. Yule mrefu bunduki kafundishwa. Mimi imenifukuza. Watunga sheria wamekaa wakaandika kwamba wa kuaminiwa na ufunguo ni mwenye leseni. Mimi niliyoyaona kwetu yamenifunza kwamba mwenye bunduki ndiye wa mwisho kuaminiwa, hata kama ni mwanao, hata kama unampenda mpaka unaumwa. Ufunguo ashike mtu ambaye hatafyatua risasi hata siku moja. Huo si ujinga.

Lakini ningesimama kusema hayo, kesi ingerudi pale ilipokuwa. Nikimeza, mwanangu anakwenda kazini. Nikameza. Nimewahi kumeza mengi, hili limekwama kooni.

Hakimu hakumwacha Rashidi hivihivi. Akamwambia amtazame usoni: sheria ya ufunguo iko palepale, ni wewe peke yako, na mara ya pili sitakuwa na la kukusaidia. Rashidi akainamisha kichwa. Wakili anasema bunduki anaweza kwenda kuichukua kituoni Jumatatu.

Ndani ya gari alikuwa anaimba. Kweli, anaimba, wipa zinapiga na yeye anapiga usukani.

"Mama, tumeshinda!"

"Umeshinda wewe. Mimi nimeitwa mjinga kwa lugha nzuri."

Akaacha kuimba. "Ni maneno ya mahakama tu, Mama. Yametusaidia."

"Yamekusaidia."

Taa nyekundu ikatusimamisha, akanishika mkono. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwomba mtoto kisu, kwamba kuanzia sasa ufunguo atakuwa nao mwenyewe. Hawezi kunipa tena. Eti si nimemsikia hakimu?

Nimemsikia.

Kwa hiyo Jumatatu bunduki inarudi chumbani, kwenye kabati lile lile, na ufunguo utakuwa mfukoni mwa kijana anayetoka zamu macho mekundu. Siku atakayokosana na mtu hatakuja kwangu kwanza. Hakuna fundo la kufungua, hakuna wa kumtazama machoni. Jumamosi wajukuu watalala chumba cha pili. Na kwa hesabu ya hawa watu, hapo ndipo nyumba yangu itakuwa salama.

Nimekaa na hilo tangu tulipoingia. Chai imechemka mpaka imekauka, nimeteleka nyingine. Rashidi yuko sebuleni, amelala kwenye kochi na viatu vyake, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala mgongoni mwangu. Nimemfunika blanketi. Nampenda huyu mtoto, na simtaki na kile kitu.

Nimeyarudia maneno ya hakimu, yale ya kwanza, kabla hajaniharibia siku. Nyumba ni yangu. Ruhusa ni yangu kutoa au kunyima. Kayasema mbele ya watu wote, yameandikwa, na wala hakusema ni kwa polisi peke yao.

Bunduki ikakae kwa rafiki yake shambani, au kule dukani wanakouza bunduki na kuzitunza, sheria inaruhusu, nimemuuliza wakili kabla hatujaagana. Rashidi akitaka kuwinda ataifuata hukohuko.

Nimefungua fundo la kanga. Ufunguo ule wa kabati nimeuweka kwenye kochi kando ya viatu vyake autwae, ni wake. Wa mlango wa mbele nimeufunga tena, nimeukaza kwa meno.

Jumatatu akirudi na hicho kitu atanikuta nimesimama mlangoni. Nitasema hapana, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pia asije akadhani sielewi.

Mvua ikiwa inanyesha, chai nitamletea hukohuko nje.