Kompyuta Iliyogoma Kukubaliana

Sijaoa mke wa pili, Rhobi wangu, na huyo wifi yako anayekutania hivyo nitamjibu mwenyewe. Kinachonishikilia huku Genkuru ni kompyuta. Lakini kwanza nijue hali yako, mpenzi. Unalala vizuri? Kifua cha mama kimepoa? Mimi ni mzima, nakula, na kila nikitandika kitanda nacheka peke yangu kwamba nina mke, tena ni wewe.

Fundi Shabani, mwenye karakana, aliniambia: "Mwita, saketi ya pampu ikikubali kwenye kompyuta, nenda kwa mkeo. Isipokubali, endelea kumpenda kwa simu." Pampu hiyo inatoa maji shimoni wachimbaji wakiwa ndani, ndiyo maana hataki tuunganishe waya kabla ya kuijaribu saketi kwenye kompyuta.

Nikaichora saketi, nikabonyeza, ikagoma. Nikarudia, ikagoma. Nikaona mwezi unaisha bila uso wako.

Shabani akavuta kiti akanieleza kinachoendelea ndani. Programu haizijui volti za saketi, inazikisia. Kisha kila mahali waya zinapokutana inauliza: umeme unaoingia hapa unalingana na unaotoka? Haulingani. Inaandika hesabu za sehemu zote, inazitatua kwa pamoja, inapata kisio lililo karibu zaidi, inauliza tena. Tofauti ikiwa ndogo mno, inahesabu zimekubaliana, inasogea mbele punje ya muda na kuanza upya.

Nikamwambia, "Fundi, hiyo ni posa yangu kabisa." Si ndivyo walivyofanya wazee wetu, mpenzi? Huyu anataja ng'ombe, yule anataja, wanasogeleana. Ila baba mdogo alianza na ndama wawili, baba yako akainuka kwenye kigoda: "Mmekuja kununua kuku?" Nilijua nimekukosa. Mpaka shangazi yako alipotoka nje akamnong'oneza baba mdogo pa kuanzia.

Shabani alicheka hadi akavua miwani. "Basi na hii imeanzia mbali mno. Inataka shangazi."

Nikaiandikia volti za kuanzia pale kwenye transista, kile kidude kinachowasha na kuzima pampu, karibu na zile tunazozitarajia. Ikakubali, Rhobi. Mstari ulipanda kwenye kioo, ukatulia: maji yakijaa pampu inawaka, yakipungua inazima. Nilipiga yowe hadi mama wa chai akaja kuuliza nani kapata dhahabu. Nikamwambia ni mimi, na iko nyumbani Nyansurura.

Jana tumeifunga pampu yenyewe, na wachimbaji wameshuka na kupanda wakiwa wakavu. Shabani ametimiza ahadi yake, ameniruhusu nije.

Mama mpe shikamoo yangu, na baba mkwe pia, kwa heshima zote. Wifi yako mwambie aandae maneno mengine. Wewe usiende kunisubiri barabarani juani, nitakuja mwenyewe hadi mlangoni, na mwezi huu hautaisha kabla sijabisha hodi.

Mumeo, wako mzima mzima,
Mwita