Korongo wa Uwanjani Olasiti

Nyumba za Uwanja wa Eropleni,
Olasiti, Arusha.
14 Februari, 1954

Mpendwa Dada Anande,

Shikamoo, dada. Hujambo wewe na shemeji Yoeli? Joto la Tanga limepungua? Na mguu wako je? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mikaeli anaota meno, hanipi usingizi. Ukiona mwandiko umepinda, ujue naandika naye mgongoni.

Mwenzangu Aminiel bado yuko kwenye kazi ileile ya kufyeka majani ya uwanja na kufukuza ndege na swala kabla eropleni haijatua. Akitoka alfajiri nabaki na upepo. Huku tambarare hakuna migomba ya kuukinga. Jirani yangu Namnyaki huniletea maziwa. Tunasalimiana, tunacheka, halafu maneno yanatuishia, maana yeye ni Kimaasai tu na mimi sikijui. Siku nyingine jua linazama sijazungumza na mtu mzima. Mlima wa kwetu nauona vizuri kutoka mlangoni, na hiyo ndiyo shida yenyewe: nyumbani napaona, sipafiki.

Ninayezungumza naye ni Penina. Mtoto wa miaka minne, lakini kila kirukacho anakijua: mwewe, tai, popo wa darini, kumbikumbi wa mvua. Hata eropleni anazitambua kwa ngurumo kabla hazijaonekana. "Hii ya Nairobi, mama. Hii ina kikohozi."

Sasa nifike kwenye ombi lako. Uliniomba Penina aje kwako awe mwanao, kwa kuwa Mungu hajakujalia. Dada, nililia, halafu nikakubali moyoni. Mama naye alisema ndugu hawanyimani mtoto. Nikaanza kumshonea gauni la safari, nikamwambia atapanda gari moshi.

Juma lililopita Aminiel alishikwa na homa, hata kusimama hawezi. Mara korongo wakashuka uwanjani, kundi zima, na eropleni ya Nairobi inasikika. Nikamfunga Mikaeli mgongoni, nikamshika Penina mkono, mbio! Kufika, nikasimama kama mjinga. Unakumbuka Baba alivyotukataza kumfukuza korongo? Mgeni anayekula viwavi shambani mwetu haguswi. Basi nikawa nawaambia kwa Kimeru, samahani wageni, sogeeni kidogo. Wala hawakunitazama. Penina akapiga kelele, "Mama, hawabembelezwi hao, wanafukuzwa!" Akatanua mikono kama mabawa, akawakimbilia. Ndipo nami nikavua khanga yangu ya njano mabegani, nikaipunga kwa nguvu zote. Wakapaa, eropleni ikatua salama, rubani akatupungia mkono akicheka.

Tukirudi, Penina alishika pindo la khanga njia nzima. Karibu na mlango akauliza, "Mama, siku ya gari moshi, na mimi utanipungia khanga hiyohiyo?"

Gauni nimelimaliza, analivaa kwenda kanisani.

Kwa hiyo dada, simtoi Penina. Ukinikasirikia nitavumilia, lakini neno langu ni hilo, hata Mama akisema nini. Usidhani sikujui. Najua nyumba yako ilivyo kimya, maana na yangu ni hivyohivyo. Lakini kimya chako siwezi kukiondoa kwa kumfanya mwanangu aone amefukuzwa.

Njoo wewe. Njoo Pasaka, ukae hata mwezi. Akuite mama mkubwa, akufundishe ndege wake wote, nawe umsuke nywele, maana mimi mikono imechoka. Na mimi nipate mtu wa kuongea naye Kimeru mpaka chai ipoe.

Msalimie sana shemeji, na Mama Tekla jirani yako. Aminiel amepona, anakuamkia. Mungu akufunike kwa mbawa zake huko uliko.

Utakapoteremka stesheni, tafuta khanga ya njano inayopungwa. Penina anasema ataishika yeye, na nikuambie kabisa kwamba hiyo ni ya kukuita.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,

Eunike