Baba Alipoacha Kugonga Ulimi

Kalenga, Iringa
9 Juni 2024

Kwako kaka Amos,

Kamwene. Natumaini wewe, wifi Catherine na watoto ni wazima, na baridi ya Mbeya haijawatesa. Sisi huku hatujambo. Mahindi tumemaliza kuvuna, shangazi Pendo anawasalimu, na jeraha la baba kwenye paji la uso limefunga vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema baada ya anguko lile umeona uzee umemzidi baba, na Jumamosi ijayo unakuja kumchukua akaishi kwenu. Mwenyewe hajajibu kitu. Tangu washenga wa mchumba wangu Danieli waondoke, anakaa tu kwenye kiti chake barazani, anangoja kushikwa mkono hata kwenda chooni. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu nisingethubutu.

Nianze na kazi. Dokta Sifaeli, yule mtafiti, bado anarekodi popo wa kwenye dari la kanisa, nami namshikia vifaa. Juzi nilimuuliza wanazikwepaje nguzo gizani. Akasema popo hutoa sauti kali tusizozisikia, kisha husikiliza mwangwi. Ukirudi upesi, kitu kiko karibu. Ukichelewa, kiko mbali. Ndani ya ubongo wake zimo chembe zilizogawana kazi: hizi huamka kwa mwangwi wa karibu, zile kwa wa mbali, naye akajua umbali. Nikamtania kwamba kichwa kidogo hivyo kimemshinda fundi wetu na futi yake. Alicheka, kisha akaeleza kwamba wachunguzi wa zamani waliwahi kumfunga popo mdomo, akaanza kujigonga kwenye vitu. Akaongeza kwamba wapo hata watu wasioona wanaojipimia njia kwa kugonga ulimi.

Kaka, hapo nikamkumbuka baba.

Unajua baba alivyokuwa akipita uani tangu macho yazime, ta, ta, ta, akikwepa tanki na banda bila fimbo. Shangazi humtania kwamba anaita kuku waliokwisha kuliwa. Asubuhi ile ya washenga nilimwambia baba leo afunge mdomo, wageni wasije wakadhani anawasonya, au kwamba ukoo wetu una wendawazimu. Akasema sawa, mwanangu. Walipoaga akainuka kuwasindikiza, kimya kabisa, akaenda kujigonga kwenye ubao wa nyuma wa pikapu yao, iliyosimama mahali ambapo siku zote hapana kitu, akaanguka na kuchanika paji la uso.

Nilikuambia aliteleza. Hakuteleza. Wala si uzee. Nilimfunga mdomo mimi, kwa kumwonea haya baba yangu mbele ya watu, kisha nikakuachia wewe umwone hajiwezi.

Jana nilimpigia magoti nikamwambia yote. Akaniuliza kama wale wageni wameshaondoka. Nikamjibu kwamba wameondoka wiki ya pili sasa. Akasema basi ningemwambia mapema, kiti kimemchosha. Akasimama, akagonga ulimi, akaenda peke yake hadi bandani. Mimi nilibaki pale chini, nikimsikiliza: ta, ta, ta.

Usimchukue, kaka. Ukija, njoo kumsalimu tu. Gari lako liegeshe popote upendapo, atalikwepa mwenyewe.

Wabusu watoto, na wifi umwambie namkumbuka.

Mimi mdogo wako, mwenye aibu,
Anjela Kalinga